Somo: Kukitambua kisukari mapema, hasa kwa mtoto

Wapendwa, kuna watoto wanaofikishwa hospitali wamezimia baada ya siku kadhaa za dawa za malaria, kumbe ni sukari. Ndiyo maana naanza na wao.

Hatua ya 1: Angalia mkojo na maji. Mtoto aliyeshaacha kukojoa kitandani ameanza tena, anaamka usiku kutafuta maji, anakula vizuri lakini nguo zinampwaya? Apimwe sukari leo hii. Hiyo ndiyo sura ya aina ya kwanza: kinga ya mwili imeziua seli za kongosho zinazotengeneza insulini, homoni inayoiingiza sukari ya damu ndani ya seli za mwili. Akianza kutapika, kulalamika tumbo, kuhema kwa nguvu na pumzi kunukia kama matunda yaliyoiva mno, hiyo ni dharura. Msingoje kupambazuke.

Hatua ya 2: Mtu mzima. Aina ya pili hunyemelea. Insulini ipo, mwili hauiitikii. Miaka inapita, mpaka kidonda cha mguu kigome kupona, macho yaone ukungu, nyayo ziwake moto au zife ganzi, fangasi zirudi kila zikitibiwa. Mwenye kitambi, presha au mzazi mwenye kisukari apime hata akijisikia mzima.

Hatua ya 3: Mjamzito. Mara nyingi hakuna dalili. Hupimwa kati ya wiki ya 24 na 28.

Hatua ya 4: Soma majibu. Asubuhi kabla ya kula, 7.0 mmol/L au zaidi ni kisukari. Asiye na dalili hurudia kipimo siku nyingine. Mwenye dalili, 11.1 saa yoyote inatosha.

MASWALI

– Dokta, sisimizi hawaji kwenye mkojo wangu. Niko salama?
Hapana, dada. Kwa kawaida sukari hutokea kwenye mkojo ikishapita kama 10 kwenye damu. Kapime damu.

– Mama kapimwa asubuhi 8.4, ila alishakunywa chai na chapati.
Kipimo hicho hakiamui kitu. Arudi akiwa hajala kwa saa nane au zaidi, maji matupu tu.

– Mwanangu wa miaka 9 anachoma insulini. Bibi yake anasema jirani kapona kwa mitishamba, tuache sindano?
Msiache hata siku moja, mama. Mwili wa mwanao hautengenezi insulini, na hakuna mzizi unaoirudisha. Kliniki ijayo nendeni na bibi, aelezwe naye.