Kidato cha nne Mombasa: jinsi ya kupima na kuongeza nafasi yako ya ufadhili kamili wa chuo

Maombi ya ufadhili huchujwa mara mbili. Mara ya kwanza ni masharti na karatasi, na hapo hakuna anayesoma insha yako. Mara ya pili ndiyo ushindani wenyewe. Wanafunzi wengi wazuri huangukia mchujo wa kwanza, na inauma kwa sababu makosa hayo yangeweza kuzuilika.

Hatua ya 1: Futa usiyostahili kuomba

Chora jedwali kwenye daftari: umri, uraia, alama, mwaka wa KCSE (mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya), kiwango cha masomo, siku ya mwisho. Usipotimiza sharti moja, nafasi yako si ndogo, ni sifuri. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, kwa mfano, ni ya shahada ya uzamili. Mwanafunzi wa kidato cha nne hana la kufanya pale. Türkiye Bursları, ufadhili wa serikali ya Uturuki, kwa digrii ya kwanza hutaka uwe chini ya miaka 21, huombwa bila ada, na kwa kawaida hufunguliwa kati ya Januari na Februari, matokeo ya KCSE yakiwa yametoka.

Vyuo vya Marekani vina kalenda nyingine. Vingi hufunga maombi mwanzoni mwa Januari, ilhali matokeo ya KCSE ya 2024, kwa mfano, yalitangazwa tarehe 9 Januari 2025. Ndiyo maana mwaka unaofaa kuomba kwa wengi ni ule unaofuata mtihani. Huo si mwaka uliopotea, bali ni wa kuandaa SAT (mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani), insha na hati.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya nafasi bila kujidanganya

Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst havitazami uwezo wako wa kulipa vinapoamua nani aingie, hata kwa wageni. Lakini kuingia kwenyewe ni kugumu mno. Vyuo vingi vingine hutazama kiasi unachoomba, na kadiri pengo kati ya gharama na uwezo wako lilivyo kubwa ndivyo mlango unavyokuwa mwembamba. Kwa hiyo changanya: viwili vigumu sana, vitatu au vinne ambavyo vina rekodi ya kuwalipia wageni gharama yote, pamoja na fadhili za hapa Afrika.

Tuseme umeomba tano, na kila moja ina nafasi 1 kwa 10. Kwa hesabu, uwezekano wa kupata angalau moja ni kama 41 kwa 100. Hesabu hiyo husimama tu ikiwa maombi hayategemeani. Ukituma insha ile ile dhaifu kote, umetuma kosa moja mara tano.

Hatua ya 3: Majina

Hapa Pwani hili ndilo linaloangusha watu. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed, karatasi ya matokeo Mohammed, pasipoti ina jina la babu ambalo kwingine halipo. Anayekagua akiwa mbali hajui kwamba ni mtu mmoja. Weka cheti cha kuzaliwa mbele, linganisha herufi kwa herufi, na urekebishe kabla ya usajili wa KCSE, ambao hufanyika mapema mwaka wa kidato cha nne. Ukichelewa, tafuta hati ya kiapo kwa wakili, kisha uiambatishe kila mara. Pasipoti iombe kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, mapema, usingoje barua ya kukubaliwa.

Hatua ya 4: Mapato ya nyumbani

Fomu kama CSS Profile, ambayo vyuo vingi vya Marekani hutumia kupima hali ya fedha ya familia, huuliza mapato ya mwaka. Usiandike "hatuna". Mama anauza mahamri? Tuseme faida ni shilingi 600 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Miezi 11 ni 171,600. Mwezi wa Ramadhani biashara ya asubuhi husimama. Ikiwa jioni faida ni 400, ongeza 10,400. Jumla 182,000, na kwa shilingi 130 kwa dola ni dola 1,400. Onyesha hesabu hiyo kwenye sehemu ya maelezo, na ambatisha barua ya chifu. Takwimu lazima zilingane katika fomu zote, maana sifuri isiyoelezwa huzua shaka kuliko kipato kidogo kilichoelezwa.

Hatua ya 5: Shughuli na barua za walimu

Common App, fomu moja ya mtandaoni ya kuomba vyuo vingi vya Marekani, hukupa nafasi 10 za shughuli, maelezo ya kila moja herufi 150 tu, na insha ya maneno 250 hadi 650. Kusaidia dukani Kongowea kila Jumamosi au kufundisha watoto madrasa ni shughuli kamili. Andika saa kwa wiki, idadi ya watoto, kilichobadilika. Uanachama wa klabu tano usizofanya kitu huchosha msomaji.

Barua inayosema "ana nidhamu na bidii" haisaidii, kwani kila mtu anayo. Mpe mwalimu ukurasa mmoja wenye mambo manne aliyoyaona kwa macho yake: jaribio la kemia ulilolirudia, rafiki uliyemfundisha hesabu. Mpe wiki sita, na usiombe shule ikiwa imefungwa. Barua huiwasilisha mwalimu mwenyewe. Si kazi yako kuipakia.

Hatua ya 6: Kutuma

Skani kwenye saiba yenye mashine halisi. Picha ya simu yenye kivuli cha mkono hurudishwa. Tuma siku tatu kabla ya siku ya mwisho. Anayekutaka utume pesa kwa M-Pesa ili "kushikiliwa nafasi" ni tapeli.

Jaza KUCCPS pia, mfumo wa serikali wa kuwapangia wanafunzi vyuo vya Kenya. C+ hukufungulia digrii. Ila kabla ya kuripoti chuoni, soma sheria za vyuo vya nje ulivyoomba: ukishaanza masomo hapa, vingi vitakuhesabu mwanafunzi wa kuhamia, na ufadhili wa wageni wanaohamia ni haba sana.