Somo: Kumsindikiza mkimbizi wa Sudan jijini Nairobi, hatua kwa hatua

Ndugu wanachama,

Tangu vita vilipozuka Khartoum tarehe 15 Aprili 2023, wanaotupigia simu huuliza jambo lile lile: kuna familia ya Wasudani imehamia mtaani kwetu, Kiswahili hawajui, Kiingereza chao ni cha kubabaisha, tuwapelekee nini? Wengi hukimbilia unga, mafuta na blanketi. Ni vyema, na mwenye navyo atoe. Ila msimamo wangu nausema wazi: kikundi kidogo chenye watu wanaojua Kiarabu kitafaa zaidi kikitoa ulimi na miguu. Unga utapatikana msikitini, kanisani au kwa jirani. Mtu wa kukaa foleni asubuhi nzima na mama aliyetoka Omdurman, akamsomea kila mstari wa fomu kabla hajaweka kidole, huyo ni adimu.

Somo hili ni la Nairobi na sheria za Kenya. Walio Kampala wana utaratibu wao: kule shughuli za wakimbizi ziko chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, na Wasudani wengi wamepangiwa Kiryandongo.

Hatua ya kwanza: tafuteni wenye lugha

Anzeni na waliosoma Sudan. Kwa miaka mingi vijana wetu wa Kenya, Tanzania na Uganda wamekwenda Khartoum kusoma, hasa Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika, na waliokuwepo mwaka 2023 waliondolewa vita vilipoanza. Hawa wanakijua Kiarabu cha sokoni na cha daladala za kule, si cha vitabuni tu. Wanajua pia kwamba Msudani hakurupuki kusema shida yake. Utaulizwa hali yako, ya wazazi na ya watoto, ndipo jambo lenyewe lije. Mpeni nafasi hiyo.

Wanubi wa Kibra nao wasisahaulike. Mababu zao walikuwa askari waliotoka Sudan, na Kinubi chao kina mizizi ya Kiarabu. Kinakaribiana zaidi na Kiarabu cha Juba kuliko cha Khartoum, kwa hiyo wakae kwanza na mgeni wapige soga, muone kama wanasikilizana.

Mawili hapa si ya kuachia bahati. Kwanza, wapatikane wanawake. Umoja wa Mataifa umeandika wazi juu ya wanawake waliobakwa katika vita hivi, Khartoum na Darfur. Hakuna mama atakayeyasema hayo kupitia kijana wa umri wa mwanawe, hata awe fasaha namna gani. Pili, kabila. Mwaka 2023 Wamasaliti, kabila la Darfur Magharibi lisilo la Kiarabu, waliuawa kwa wingi mjini El Geneina, mikononi mwa wapiganaji wa RSF, kikosi kinachopigana na jeshi la serikali, na wanamgambo wa Kiarabu waliowaunga mkono. Mmasaliti ukimletea mkalimani anayemtilia shaka, atajibu "ndiyo" na "hapana" basi. Kabla ya yote muulizeni faraghani kama ameridhika na mtu mliyemletea, na akikataa, msimdai sababu. Tena kwa Wamasaliti, Wafur na Wazaghawa wengi, Kiarabu ni lugha ya pili. Nendeni polepole.

Hatua ya pili: jifunzeni kutafsiri bila kutia chumvi

Hapa ndipo wenye huruma nyingi huharibu. Tuseme mko kliniki. Daktari anauliza, "Maumivu yalianza lini?" Mama anaeleza kwa dakika tatu: alijifungulia njiani, damu haikukatika vizuri, kisha wiki mbili zilizopita tumbo likaanza kukaza. Mkalimani anageuka na kusema, "Wiki mbili." Daktari anaandika dawa ya tumbo. Habari ya damu, ambayo ndiyo ingebadilisha matibabu yote, imebaki kwa mkalimani.

Kwa hiyo semeni yote, kwa mpangilio ule ule. Tumieni "mimi" anapotumia "mimi": akisema "Nilipigwa", nanyi semeni "Nilipigwa", si "Anasema alipigwa." Akisema sana, inueni mkono mumwombe asimame kidogo. Msipoelewa, tamkeni wazi: "Sijaelewa, naomba arudie." Msimpunguzie makali ya maneno, msimwongezee machozi, wala msimsahihishe tarehe hata kama jana aliwaambia nyingine. Kuulizia tarehe ni kazi ya afisa au wakili.

Na mtoto wake asitumike kutafsiri, hata kama wa miaka kumi tayari anachapa Kiswahili cha Nairobi. Mtoto hafai kubeba habari za mama yake namna hiyo.

Hatua ya tatu: makaratasi kabla ya mengine yote

Sheria inayotawala ni Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022. Anayeomba hifadhi anatakiwa ajitokeze mwenyewe kwa Idara ya Huduma za Wakimbizi mara anapoingia nchini, au ndani ya siku 30. Jijini, ofisi ya kuandikishwa iko Shauri Moyo. Aliyechelewa aende vile vile aeleze sababu. Kukaa kimya hakumsaidii. Aliyekuja kwa masomo au biashara kabla ya vita, kisha akashindwa kurudi, naye anaweza kuomba.

Nendeni naye alfajiri. Bebeni maji, kitu cha kutafuna kwa watoto, kalamu, na nakala za kila karatasi aliyonayo. Familia yote iende, maana kila mtu anapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole.

Sasa jina. Msudani kwa kawaida hana jina la ukoo. Ana jina lake, la baba, la babu, na la baba wa babu, manne kwa mfululizo. Fomu zetu zinauliza la kwanza na la mwisho. Karani mmoja ataandika "Ahmed" kama la mwisho, wa hospitali "Osman", wa shule atamwita mtoto kwa jina la babu. Miezi sita baadaye familia moja ina majina matatu katika kompyuta tofauti na hakuna anayeamini kwamba ni watu wale wale. Kabla ya kuondoka nyumbani, mwandikieni kila mtu majina yake manne kwenye kadi, kwa Kiarabu na kwa herufi za Kilatini, kama yalivyo kwenye pasipoti. Bila pasipoti, chagueni tahajia moja mshikamane nayo: Mohamed au Mohammed, si zote mbili. Karani anapomaliza kuandika, mwombeni kwa heshima msome kabla hajabonyeza.

Tarehe ya kuzaliwa ikiwa 1 Januari kwa baba, mama na mjomba, msishangae wala msidhani mtu anadanganya. Wengi hawakuandikwa walipozaliwa, wakapewa siku hiyo baadaye.

Baada ya kuandikishwa kuna mahojiano ya kuamua kama ni mkimbizi kisheria. Siku hiyo ofisi ndiyo inayoleta mkalimani, ninyi mnabaki nje. Kazi yenu ni ya kabla: mwambieni ana haki ya kusema "simwelewi mkalimani huyu", ana haki ya kuomba mapumziko, na mwanamke anaweza kuomba ahojiwe na mwanamke. Msimfundishe la kusema. Hadithi ya kufundishwa hujulikana, na inamharibia aliye na haki kamili. Akikataliwa, ana siku 30 za kukata rufaa, kwa hiyo barua isomwe siku hiyo hiyo na wakili atafutwe. Kituo Cha Sheria na Refugee Consortium of Kenya wanawahudumia wakimbizi bila malipo.

Jambo moja watu hufichana: sheria inamtaka mkimbizi aishi eneo lililotengwa, yaani Dadaab au Kakuma, isipokuwa amepewa ruhusa ya kukaa mjini kwa sababu kama matibabu, masomo au usalama. Mwambieni ukweli huo mapema, ili asilipe kodi ya miezi mingi kisha aambiwe apande basi la Kakuma.

Hatua ya nne: hospitali na shule

Shuleni twendeni mapema, msingojee karatasi zote. Hospitalini, mliojifunza hatua ya pili mnatosha. Nisisitize moja: aliyebakwa hapa mjini apelekwe hospitali kwanza, polisi baadaye, kwani dawa za kuzuia virusi vya ukimwi hufaa ndani ya saa 72 tu.

Hatua ya tano: siri na usajili

Daftari lenu likiwa na majina, kabila na mahali mtu anapolala, linaweza kuhatarisha jamaa zake waliobaki Sudan. Andikeni machache, fungieni, na msipige picha za "tulivyowasaidia." Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inawahusu hata ninyi. Kusajili kikundi, fikeni ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo yenu. Kipo chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022.

Maswali ya wanachama

Swali (Mombasa): Assalamu alaikum mwalimu. Kiarabu changu ni cha madrasa. Nafaa?

Waalaikum salaam. Unafaa sana kwa barua, fomu na vyeti. Msudani atakuelewa kwa sababu Kiarabu fasaha amekisoma shuleni. Tatizo ni wewe kumwelewa yeye anapoharakisha. Kaa nao, sikiliza, waulize maneno ya nyumbani. Mpaka masikio yazoee, usikubali kutafsiri kwa daktari wala wakili.

Swali (Eastleigh): Kuna dada hapa pasipoti yake iliungua Khartoum. Ameshauriwa aende ubalozi wa Sudan achukue nyingine kwanza. Ni sawa?

Asitangulie huko. Kukosa pasipoti hakumzuii mtu kuomba hifadhi. Aeleze ilivyopotea na atoe alichonacho, hata picha ya kitambulisho iliyoko kwenye simu. Kama anayemwogopa ni serikali, kwenda kwa wawakilishi wake kunaweza kudhoofisha ombi lake. Aonane na wakili kabla. Na asinunue karatasi ya kughushi, hata aambiwe ni ya haraka.

Swali (Kibra): Kuna mtu anawachangisha Wasudani pesa, eti atawaingizia majina kwenye orodha ya kwenda Marekani.

Dada, waambie wasitoe hata shilingi. Huduma za UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, ni bure, kuandikishwa ni bure, kupelekwa nchi ya tatu ni bure, na nafasi hiyo haiuzwi. Tena Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi Januari 2025, kwa hiyo maneno yake hayana msingi. Waliokwisha kulipa wasiaibike. Wapeleke taarifa UNHCR, nanyi msindikizeni atakayekubali.

Swali (Dar es Salaam): Mimi nilisoma Khartoum, sasa niko Temeke. Naweza kusaidia kwa simu?

Ndugu yangu, watu kama wewe ndio tunaowatafuta. Miadi ya hospitali inatafsirika vizuri kwa simu iliyowekwa sauti ya nje. Uwe chumbani peke yako, usiwe garini wala kazini. Jitambulishe kwa mgonjwa, mhakikishie kwamba neno lake halitatoka nje, na uwe na karatasi ya kuandikia majina ya dawa, kisha uichane. Mahojiano ya kisheria usiyafanye kwa simu.

Swali (Nakuru): Baba mmoja ni fundi umeme, anataka kazi. Je, anaruhusiwa?

Akishatambuliwa kuwa mkimbizi anaweza kuomba kibali cha kazi daraja la M, ambacho hakina ada. Kukipata kunachukua muda na barua nyingi. Mwanzieni kwa kutafsiri vyeti vyake na kuviweka faili moja, kwa sababu mwajiri akipatikana, hivyo ndivyo vitakavyoulizwa kwanza.

Swali (Malindi): Tuna zaka kidogo. Inafaa kulipia nauli na nakala za karatasi?

Hukumu ya zaka muulizeni imamu wenu. Kwa matumizi, nauli ndiyo inayokosekana mara nyingi kuliko chochote: familia ya watu sita kwenda Shauri Moyo na kurudi, mara mbili au tatu. Mkiweza, msiwape mkononi mbele za watu. Anayewasindikiza amlipe kondakta.