Krismasi ya uani hapa Kigoma: tetea mmoja, tuta moja la mchicha na sinia la kashata

Shule zikishafungwa tu utasikia wazazi wanalia, watoto wanashinda kwenye tivii, alafu Krismasi ikisogea wanataka nguo, wanataka soda, wanataka kwenda ziwani, na wewe mfuko umekauka. Mi nilishaacha kugombana nao. Wenzetu Ulaya Desemba udongo umeganda, theluji imejaa nje, so wakikaa ndani kukata makaratasi nawaelewa, lakini huku kwetu mvua inanyesha na kila kitu kinaota hadi usichopanda. Nachofanya ni kuwapa wanangu kazi zenye tarehe, bas, tarehe zenyewe ndo zinawashika.

Kazi ya kwanza ni kuku. Tafuta tetea anayetaka kuatamia, utamjua tu, haondoki kwenye kiota na ukimsogelea anavimba manyoya na kukukoromea. Awe ameshapata chanjo ya mdondo mapema, ile ya tone moja jichoni inayorudiwa kila miezi 3, maana mdondo ukiingia bandani hakuna Krismasi hapo. Kusanya mayai 10 hadi 12 ya kuku wanaotembea na jogoo, yawe hayajazidi wiki moja tangu yatagwe, na usiyaoshe hata kama yana uchafu kidogo. Muwekee jioni ya tarehe 4 Desemba. Yai la kuku linakaa siku 21, sasa hesabu mwenyewe uone unaangukia wapi. Wangu wanachora mstari wa mkaa kwenye ukuta wa jiko la nje kila asubuhi, na ole wako uchore kabla ya mwenye zamu.

Usiku wa tarehe 11 ndo burudani yenyewe. Zima taa, washa tochi ya simu, weka yai upande wake butu juu ya ile tochi na uzibe pembeni kwa vidole mwanga usitoroke. Yai lenye kifaranga unaona doa jeusi na mishipa myekundu imetawanyika kama mizizi, lile ambalo halina kitu linawaka lote kama taa. Mwanangu wa miaka 6 aliona lile doa linacheza akashtuka, bado kidogo aliachie. Yale matupu yatoe, mengine mrudishie mama yake taratibu, na usifanye mchezo huo kila siku kwasababu mayai yanapoa. Kuanzia siku ya 18 usiguse kabisa.

Mchicha inabidi uwe umeshaupanda kabla hata ya kuku, tarehe 25 Novemba hivi mpaka 28, maana unachukua wiki 3 hadi 4 kufika mezani. Kigoma ni milima, so tuta lako likate mteremko, usilielekeze chini maji yakapata njia ya kubebea udongo. Linyanyue kama sentimita 20, upana usizidi mita moja ili mtoto afike katikati bila kukanyaga. Mbolea ya kuku weka iliyooza vizuri, ile mbichi inaunguza. Mbegu zichanganye na mchanga mkavu ndo wamwage, vinginevyo mtoto atakumwagia paketi nzima sehemu moja (ameshanifanyia), alafu funika kwa udongo kidogo sana na utandaze nyasi juu mvua isipige mbegu. Zikianza kuchomoza, siku ya 4 au 5, toa nyasi. Kosa langu la mwaka juzi nilichimba tuta chini ya ukingo wa bati, mvua moja tu ya usiku, asubuhi kuna mfereji na mchicha wote uko kwa jirani. Na zungushia miti au neti, kuku wako mwenyewe ndo adui wa kwanza.

Huo mchicha unapikwa na mawese na karanga za kutwanga, sina haja ya kumfundisha mtu wa huku. Ila dagaa angalia mwezi. Wavuvi wanavua kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwa kali wanapumzika na bei inapanda, so kama mwezi mpevu unaangukia karibu na sikukuu nunua wiki moja au mbili kabla na uweke wakavu sehemu isiyo na unyevu.

Mti wa nini? Mi sijawahi kuelewa kwanini tunabandika pamba kwenye tawi tunasema ni theluji wakati nje mkrismasi umewaka maua mekundu wenyewe. Siku hizi tunakata makuti machache ya mchikichi, watoto wanasuka nyota, wanatoboa vifuniko vya soda na msumari (msumari ushike wewe) wanatunga kwenye uzi pamoja na maua, tunaning'iniza barazani. Maua yatanyauka siku ya pili, si kitu, yanaokotwa mengine.

Tarehe 23 tunapika kashata. Karanga vikombe 2, kaanga bila mafuta mpaka maganda yaachie, wape watoto wapukuse na kupepeta, hiyo kazi wanaipenda na uani kote kunajaa maganda lakini kuku watafurahi. Sukari kikombe kimoja weka kwenye sufuria kavu moto mdogo, hakuna maji, koroga mpaka iyeyuke iwe rangi ya asali, hapo watoto wawe mbali kabisa kwasababu sukari hiyo ikikudondokea inagandia kwenye ngozi na kuunguza vibaya. Mwaga karanga, koroga fasta, pindua kwenye sinia lililopakwa mafuta, sawazisha na kata ikiwa bado ya moto maana ikipoa utaita fundi wa mawe. Za kwanza zinapelekwa na watoto kwa majirani, wengi kwetu ni Waislamu na Idi pilau lao huwa linatufikia, so sahani zinajuana.

Usiku wa tarehe 24, mkitoka kanisani, nyamazeni wote mkae karibu na kiota. Mkisikiliza vizuri kuna kulia kudogo kunatoka ndani ya yai lenyewe kabla halijapasuka. Inaweza kuwahi au kuchelewa siku moja, mwaka jana walitoka tarehe 26 kitinda mimba wangu akanuna Krismasi nzima. Msiwasaidie kupasua ganda, mtawatoa damu. Siku ya kwanza hawana haja ya chakula, kiini cha yai walichobaki nacho tumboni kinawatosha, baadae wape chenga za mahindi na maji kwenye kifuniko kilichotiwa vijiwe wasizame. Wafunike na tenga pamoja na mama yao wiki za mwanzo, mvua inawaua na mwewe wa huku naye anajua kabisa tarehe.