Kabla hujafunga kikao: mambo ya kuzingatia unapokabidhi kazi kwa kikao kipya cha akili unde

Umefanya kazi na Claude Code, Codex au Cursor, wasaidizi wa akili unde wa kuandika msimbo wa programu, tangu asubuhi, msaidizi ameshaujua mradi kama aliyezaliwa ndani yake, halafu unafunga. Kesho unafungua kikao kingine ukidhani unaendelea na yuleyule. Si yuleyule. Kikao kipya hakijui lolote mlilozungumza jana ila kile kilichoandikwa mahali kinapoweza kukisoma. Kwa hiyo kabla hujafunga, fanya haya.

Hifadhi kazi kwenye Git, chombo kinachotunza kila toleo la msimbo, kwenye tawi lake (nakala ya pembeni ya kazi), na ujumbe unaosomeka. Kazi iliyofika nusu nayo ihifadhiwe, uandike wazi kwamba ni nusu. Umeme hausubiri umalize.

Endesha mwenyewe majaribio ya kupima msimbo na uyaone matokeo kwa macho yako. Usikubali kusimuliwa.

Zima seva uliyowasha. Ukiiacha kwenye poti 3000 (namba ya mlango wa seva kwenye kompyuta), kikao kipya kitawasha nyingine kwenye 3001, nawe utabaki unafungua ukurasa wa zamani ukishangaa kwa nini marekebisho hayaonekani. Nimeona vijana wawili makini wakipoteza mchana mzima kwa hilo.

Kama ulikuwa unabadilisha muundo wa kanzidata, andika badiliko limeishia wapi: limeandikwa tu, limeshaendeshwa kwenye kompyuta yako, au limefika kwenye seva ya wateja. Ni hali tatu tofauti kabisa, na ukitazama msimbo peke yake huwezi kuzitofautisha.

Nywila na funguo za huduma za malipo zisikaribie maelezo ya makabidhiano. Taja jina la kigezo kilichomo kwenye .env, faili ya mipangilio ya siri ya mradi, basi.

Sasa maelezo yenyewe. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipoumia.

Nilikuwa natengeneza mfumo wa michango wa chama kimoja cha kuweka na kukopa. Wanachama wengi ni akina mama wenye biashara ndogondogo. Kanuni yao ni kwamba mchango uingie kabla mwezi haujaisha. Ukichelewa, faini shilingi 5,000. Malipo yalikuwa yanaingia kwa njia mbili, simu na benki. Asubuhi moja mimi na msaidizi tulihangaika kwa muda mrefu na hesabu zilizokataa kulingana, hadi tukapata kiini: taarifa za benki zilikuja na muda wa UTC, saa ya marejeo ya dunia nzima, ila za malipo ya simu zilikuja na muda wa hapa nyumbani, tarakimu tupu zisizosema ni saa za wapi. Tanzania iko saa 3 mbele ya UTC, mwaka mzima. Tukarekebisha: muda wa benki uongezwe saa 3, wa simu uachwe ulivyo. Ikawa mistari miwili, kila mmoja na utaratibu wake, kwa jambo linaloonekana ni lilelile. Ukiitazama bila kujua historia yake, utaapa kuwa mtu alikosea.

Tukaendelea na mambo mengine. Mchana nafasi ya kumbukumbu ya kikao ikajaa, msaidizi akafupisha mazungumzo ili apate pa kuendelea. Jioni ikajaa tena, akafupisha tena. Karibu na saa mbili usiku nikamwambia aniandikie maelezo ya makabidhiano. Akaandika vizuri, kwa vichwa na orodha. Nikapitisha macho, nikafunga, nikaenda kula. Kuhusu muda wa malipo yalikuwemo maneno haya tu: ripoti ya mwezi imerekebishwa, majaribio yote yanapita.

Walinzi wana daftari lao la makabidhiano, na mara nyingi utakuta sentensi moja: lindo salama. Ni kweli, usiku ulipita salama. Lakini anayepokea zamu hajaambiwa kwamba kufuli la mlango wa nyuma linafunguka ukilitikisa. Maelezo yangu yalikuwa lindo salama.

Kikao cha kesho yake nilikipa kazi ya kusafisha msimbo. Kikaiona ile mistari, kikasema muda unashughulikiwa bila mpangilio, kikaiunganisha kuwa mmoja: malipo yote yaongezwe saa 3. Majaribio yakapita, kwa sababu data zake zote nilikuwa nimeziwekea saa za mchana, na saa sita mchana ukiiongezea 3 bado uko siku ileile. Nikakubali badiliko. Kuanzia hapo kila aliyelipa kwa simu baada ya saa tatu usiku alihesabiwa kuwa amelipa kesho yake. Katikati ya mwezi hakuna aliyegundua, kwa kuwa siku moja mbele au nyuma haikumgusa mtu. Mwisho wa mwezi ni kitu kingine. Akina mama hufunga biashara usiku, huhesabu mauzo, ndipo hutuma mchango. Alfajiri ya tarehe 1 Julai mfumo ukawatumia ujumbe wa faini.

Mwenyekiti alinipigia kabla ya saa moja asubuhi. Nikamwamkia, shikamoo mama, akaitikia harakaharaka. "Mwanangu, watu wamelipa jana usiku na mfumo wako unawaita wadaiwa. Nina mama hapa mkaanga samaki, amekaa mlangoni kwangu na simu yake mkononi." Ujumbe wa malipo wa yule mama ulionyesha tarehe 30 Juni, 9:40 PM. Kwenye kanzidata yangu alikuwa Julai. Faini tulizifuta siku ileile, lakini wapo waliokuwa wameshasemwa mbele ya wenzao kwenye kundi la WhatsApp la chama, na hilo sikuwa na namna ya kulifuta.

Nilipokaa kutafuta chanzo, swali langu la kwanza lilikuwa kwa nini msaidizi hakuliandika jambo kubwa namna ile. Jibu ni kwamba hakuwa nalo tena. Ugunduzi wa asubuhi ulikuwa umeshachujwa katika ufupisho mara mbili, ukabaki "ripoti imerekebishwa". Nilimwita shahidi atoe ushahidi baada ya kusahau.

Kwa hiyo maelezo ya makabidhiano hayaandikwi mwishoni. Fungua faili yake asubuhi, na kila mkigundua kitu kilichowatoa jasho, mwambie msaidizi asimame na aandike kabla ya kuendelea: tumeona nini, tumeamua nini na kwa sababu gani, tulijaribu nini kikashindikana. Hilo la tatu ndilo watu hulirukaruka, na ndilo linalookoa muda zaidi, maana kikao kipya kitaifuata njia ileile iliyoshindikana jana kwa ujasiri uleule. Kisha soma alichoandika, sentensi kwa sentensi, na ukatae kila sentensi ya lindo salama.

Mistari inayofanana na kosa lakini si kosa iandikiwe sababu juu yake, ndani ya msimbo wenyewe. Faili za maelezo hupotea. Maneno yaliyo juu ya mstari huonekana na yeyote anayekuja kuugusa. Tena iwekee jaribio. La kwangu sasa lina malipo ya simu ya saa tano na dakika hamsini usiku, siku ya mwisho ya mwezi.

Mambo ya kudumu ya mradi yaweke kwenye CLAUDE.md, ambayo Claude Code huisoma yenyewe kikao kinapoanza, au AGENTS.md kama unatumia Codex. Iwe fupi, kwani kila neno lake linakula nafasi ya kumbukumbu. Mambo ya leo yawe na faili yake, na yakishaisha yafutwe. Onyo la zamani lililosahaulika humo hupotosha kuliko kukosa onyo kabisa.

Hatua inayofuata iwe moja, yenye jina la faili na matokeo unayoyategemea. "Endelea na ripoti" si hatua.

Ukifungua kikao kipya, usikipe kazi papo hapo. Kiache kwanza kisome maelezo, kisha kikueleze kwa maneno yake kimeelewa nini na kinakusudia kugusa wapi, bila kuandika mstari hata mmoja. Ukisikia neno "kurahisisha" au "kusafisha", uliza ni mistari ipi hasa.

Vikao viwili visifanye kazi kwenye folda moja. Git ina amri ya worktree, inayokupa folda nyingine ya mradi uleule kwa tawi jingine, tangu toleo la 2.5 la mwaka 2015, itumie.

Usikabidhi ukiwa na usingizi. Usikabidhi dakika tano kabla ya kutoka. Usikipe kikao kipya ruhusa ya kufika kwenye seva ya wateja kabla hujakiona kikifanya kazi. Na mfumo ukigusa fedha za watu, kati ya tarehe 28 na tarehe 2 usipandishe chochote kipya. Acha watu walipe kwanza.