Sheria ya Mungu au ya watu, ipi iko juu? Namna ya kulijibu bila kutukanana

Hili swali likitupwa tu watu wanagawanyika kabla hata hawajajua wanaulizwa nini, huyu anasema ya Mungu haina mpinzani, yule anasema nchi inaendeshwa na katiba, dakika tano matusi. Mi nimeshabishana sana hii mada na siku hizi naanza na kuuliza: iko juu wapi, moyoni au mahakamani?

Moyoni hapana ubishi mkubwa, kwa muumini amri ya Mungu ndo ya kwanza. Petro na wenzake kwenye Matendo 5:29 walijibu kwamba imewapasa kumtii Mungu kuliko wanadamu. Ila Warumi 13 nayo inataka kila mtu atii mamlaka, kwa hiyo anayekuletea mstari mmoja mwambie alete na wa pili. Wayahudi wana kanuni ya zamani kwenye Talmudi, kitabu chao cha mafundisho na sheria za dini, kwamba sheria ya ufalme ni sheria, na wameitumia zaidi kwenye mambo ya mali na kodi, sio ibada.

Ukishatoka hapo tenganisha sheria ya Mungu na uelewa wa watu kuhusu hiyo sheria, na hapa usiwe na haraka maana ndo penye kiini. Waislamu wenyewe wana maneno mawili, sharia na fiqhi, sharia ni ile ya Mungu, na fiqhi ni kazi ya wanazuoni ya kuielewa. Mfano mwanamke mtu mzima kujiozesha bila walii, yani mwanamume wa kumsimamia ndoa, kwenye madhehebu manne ya fiqhi ya Sunni Hanafi wanaruhusu, Shafi, Maliki na Hanbali wanakataa, sasa ukisema mahakama ifuate dini itafuata ipi, na anayechagua si mtu? Iran tangu mapinduzi ya 1979 wana Baraza la Walinzi la watu 12, mafaqihi (wanazuoni wa fiqhi) 6 na wanasheria 6, sheria ya bunge lazima ipelekwe kwao waikague. Tunisia 1956 wakapiga marufuku kuoa wake wengi, na waliotetea walishika Qurani hiyohiyo, 4:3 inayotaka uadilifu kati ya wake na 4:129 inayosema hamtauweza, wanazuoni kibao wakakataa kabisa hiyo tafsiri. Aya zilezile jamani!

Sasa wewe wa upande wa katiba usianze kuchekelea. Ubaguzi wa rangi Afrika Kusini ulipitishwa bungeni kihalali, sheria za Nuremberg za 1935 za kuwabagua Wayahudi pia, kama hakuna kitu juu ya sheria ya bunge hizo utazipinga kwa lipi? Martin Luther King, mchungaji aliyepigania haki za weusi Marekani, akiwa jela Birmingham 1963 alimrudia Mtakatifu Augustino, kwamba sheria isiyo ya haki si sheria. Asiye na dini naye atakwambia haki za binadamu, yani na yeye ana kitu anachokiweka juu ya bunge, hakiiti Mungu tu.

La mwisho, na mi huwa nalitunza makusudi, muulize mwenzio: hiyo sheria ya dini ingekuwa ya dini nyingine, sio yako, ungekubali ikufunge jela? Ukishauliza nyamaza, usimjazie maneno. Wengi hapo wanakwepa na kukimbilia ubishi wa pombe na mavazi, we mrudishe taratibu kwenye swali.