Jinsi ya kujua kama stresi imeshaingia mwilini

Uko Jogoo Road asubuhi, boda inakata mbele ya mat, dere anafunga breki, moyo unadunda mpaka unausikia kwa masikio. Hapo mwili uko sawa kabisa, vile vitezi viwili vilivyokaa juu ya figo vimemwaga adrenalini halafu kotisoli, zile homoni za stresi, sukari imejaa kwa damu ndio upate nguvu ya kuhepa, na baada ya muda unatulia. Shida ni kodi. Kodi haipiti kama boda, inakaa na wewe mwezi mzima, na mwili hautofautishi landlodi na simba.

Kuna jamaa Mmarekani, Robert Sapolsky, alianza kufuata nyani wa Maasai Mara mwaka wa 1978 akiwapima damu, akapata madume wa ngazi ya chini, wale wa kuonewa kila siku, homoni za stresi ziko juu hata wakiwa wamekaa tu. (Bosi wako unamjua mwenyewe.)

Sasa jichunguze. Ukiamka taya zinauma, pengine unasaga meno usiku. Mabega yamekaza, usingizi unakatika saa tisa na haurudi, homa ndogondogo haziishi, wadada hata siku zinaruka. Tumbo nalo usikimbilie kusema ni stresi, ulsa nyingi huletwa na bakteria ama dawa za maumivu tunazomeza kama njugu, so nenda upimwe, maziwa hayatibu.

Presha ndio wengi wanapima vibaya. Mimi nilipimwa nikitoka kupanda ngazi na kahawa kwa mkono, namba zikanitisha wiki nzima bure. Kaa kwanza dakika tano, egemea kiti, miguu chini, mkono usawa wa moyo, usiongee, na kahawa iwe imepita nusu saa. Rudia siku zingine. Ikizidi kusoma 140/90 kwenda juu, ona daktari.

Ya kushusha: shukia stage moja kabla utembee. Vuta pumzi ukihesabu nne, toa ukihesabu nane, dakika tano hivi, maana moyo hupunguza mwendo ukitoa pumzi. Kahawa ya saa kumi jioni wacha, saa tatu usiku karibu nusu ya kafeini bado iko kwa damu.

Lakini kifua kikibana na uchungu ushuke mkono ama upande taya, hiyo usipumulie, ita mtu akupeleke hosi saa hiyo hiyo.