Liva fupi ya gia kwenye gari la spoti la zamani: kagua kwanza, funga baadaye

Kazi yangu ni kufungua gia boksi, na wenye magari ya spoti ya zamani huniuliza jambo moja kuliko mengine yote: nikifunga liva fupi, ile inayofupisha mwendo wa mkono, si nitaiua gia boksi? Gia boksi nzima haiuawi na liva. Iliyokwisha kuchoka ndiyo yenye shida. Hiyo liva fupi huianika upesi, kisha mkono wa dereva humalizia kazi.

Tuanze na hesabu. Liva ina sehemu mbili: ya juu unayoishika, na ya chini ya egemeo inayosukuma vyuma vya kuchagulia gia. Tuseme juu ni milimita 250 na chini ni 50. Seti nyingi za liva fupi haziigusi sana sehemu ya juu. Hurefusha ya chini. Ukiifanya chini iwe 70, mwendo wa mkono wako unapungua kwa karibu asilimia 29, lakini nguvu ya mkono inayohitajika kupata msukumo uleule kule ndani inapanda kwa asilimia 40. Hakuna seti inayoikwepa hesabu hiyo, hata isifiwe vipi na muuzaji.

Maana yake ni kwamba ukisukuma kwa nguvu ile uliyoizoea, sinkronaiza inapata msukumo mdogo kuliko zamani, siyo mkubwa. Wengi wanadhani kinyume. Sinkronaiza ya kawaida ni pete, mara nyingi ya shaba ya njano, inayojibana kwenye koni ya gia na kusuguana nayo mpaka gia na shafti zizunguke kwa kasi moja. Meno ya pete hiyo huizuia slivu, chuma kinachoteleza kuifunga gia kwenye shafti, isipite kabla kasi hazijalingana. Ni sehemu ndogo tu ya sekunde, lakini lazima ipite. Ukipunguza msukumo, muda unaongezeka. Dereva anaona gia imegoma, anakasirika, anaipiga liva kwa kiganja. Pete nzima itamzuia. Pete iliyolika haina tena uwezo wa kumzuia, kwa hiyo slivu inapita, meno yanagongana na unasikia ule mkwaruzo. Gia ya pili ndiyo huanza kulalamika, kwa sababu inatumika sana na pengo la kasi kati yake na ya kwanza ni kubwa.

Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, ikague gari yenyewe.

Anza na bushi, vile vipande vya plastiki au mpira vinavyoishikilia liva na viungo vyake. Zima injini, ingiza gia ya tatu, tikisa liva kulia na kushoto. Ikicheza ovyo, kilichokusumbua huenda si urefu wa liva bali plastiki na mipira iliyokwisha. Kwenye BMW E30 kuna fimbo ya kuchagulia na kiungio chake, na vyote viwili hulegea. Kwenye Porsche 911 ya injini ya nyuma fimbo inapita kwenye handaki la sakafu hadi kwenye kiungo chenye bushi kabla ya kufika gia boksi, na kila bushi iliyolika inakula sehemu ya mwendo wako. Mazda MX-5 ya kwanza, iliyotoka 1989, liva yake imesimama moja kwa moja juu ya gia boksi na ni fupi tangu kiwandani. Hapo bushi ndogo ya chini, mpira mpya na oili safi kwenye kikombe cha liva hurudisha raha yote. Nimewaona watu wakibadilisha bushi wakasahau kabisa habari ya liva fupi, na nadhani nusu ya wateja wa liva hizo walihitaji bushi tu.

Kisha jaribu klachi. Injini ikiwa inaunguruma taratibu, kanyaga klachi mpaka chini, subiri sekunde chache, halafu ingiza rivasi. Gia boksi nyingi za zamani hazina sinkronaiza kwenye rivasi, kwa hiyo kama bado inakwaruza baada ya kusubiri, klachi haiachii vizuri. Toa hewa kwenye mfumo wake au rekebisha kebo kwanza. Klachi inayoburuta huzimaliza sinkronaiza hata kwa liva ya kiwandani.

Mwaga oili uitazame juani. Unga laini wa chuma kwenye sumaku ya nati ya kumwagia ni kawaida. Vipande si kawaida. Shaba hainaswi na sumaku, kwa hiyo usiitafute pale: itafute ndani ya oili yenyewe, kama vumbi la dhahabu. Kidogo ni uzee. Ikimeta kama rangi ya urembo, pete zinakwisha na fedha ya liva fupi iwekee pete. Unaporudisha oili fuata kitabu cha gari. Kikisema GL-4, ambayo ni daraja la oili ya gia, usiweke GL-5 kwa kudhani namba kubwa ni bora. Baadhi ya viungo vya GL-5 hula shaba, na utelezi wake unaweza kuinyima pete msuguano inaouhitaji.

Gari likipita hapo, chagua seti ya wastani, inayopunguza mwendo kwa asilimia 20 hadi 25. Gia boksi ya 915, iliyotumika kwenye 911 tangu 1972 hadi 1986, ina sinkronaiza ya muundo wa Porsche wenyewe na inataka mkono mtulivu. Kwenye hiyo mimi humshauri mteja aache liva ilivyo. Wapenzi wa E30 hutumia liva ya BMW Z3 ya injini ya lita 1.9, nami sina ugomvi nayo.

Ukishafunga, usikimbilie barabarani. Injini ikiwa imezimwa na kava la ngozi likiwa limetolewa, ingiza kila gia uone kama inaingia kikamilifu kabla liva haijagusa ukingo wa shimo la sakafu. Ikigusa mapema, gia imeingia nusu, na itachomoka ukikanyaga mafuta. Rudisha pia mpira wa kuzuia maji na vumbi. Wengi huuacha kwa sababu hautoshei vizuri.

Angalia na mwendo wa pembeni. Seti nyingi huufupisha huo nao, na njia za gia zinakaribiana. Hapa ndipo ninapoogopa kweli. Ukiwa mwendo kasi, unashusha kutoka tano kwenda nne, ukaangukia mbili, magurudumu ndiyo yatakayoizungusha injini kupita kiwango, na kifaa cha kuzuia mizunguko hakiwezi kukusaidia kwa kukata mafuta. Valvu zikikutana na pistoni, hutajali tena habari za pete.

Kuendesha kwenyewe: bana liva kwa msukumo usiobadilika, iache gia ijivute yenyewe. Ukishusha gia, gusa mafuta kidogo ili injini ipande. Oili ikiwa baridi, piga klachi mara mbili: toa gia, achia klachi kwenye fri, kanyaga tena, ingiza. Kirungu kizito cha juu ya liva sikipendi. Uzito wake unasaidia kuvunja ukinzani ambao ungekuambia usubiri.

Liva ya zamani iweke kwenye mfuko pamoja na klipu na bushi zake. Gia ya pili ikianza kukwaruza baada ya miezi, rudisha liva hiyo ya zamani kabla ya kuita fundi. Mkwaruzo ukiisha, tatizo lilikuwa liva au namna ulivyoifunga. Ukibaki, gia boksi inashushwa ifunguliwe.